Ziwa, Chupa na Siku ya Kuchomoza kwa Jino la Kwanza

Mtoto akitimiza miezi minane au tisa bila jino hata moja mdomoni, hakosekani mtu wa kumtafutia mama yake kosa katika namna anavyomlisha. Ikiwa mtoto ananyonya, mama ataambiwa kwamba maziwa yake hayana madini ya kutosha kujenga meno. Ikiwa anatumia maziwa ya kopo, ataambiwa kwamba hayo ndiyo yanayomchelewesha. Na ikiwa mtoto anapata vyote viwili, lawama itaangukia chakula kilichoanzishwa mapema mno au kilichocheleweshwa mno. Nimelea watoto, nimeyasikia maneno hayo yote, na nimeona jinsi yanavyoweza kumfanya mama aliyekuwa akinyonyesha vizuri aanze kuyatilia shaka maziwa yake mwenyewe. Ninachotaka kueleza hapa ni kwamba njia ya kumlisha mtoto, yaani ziwa au chupa, ina nguvu ndogo sana katika kuamua siku jino litakapochomoza, ilhali utoshelevu wa lishe yake kwa jumla una nguvu zaidi. Aidha, madhara makubwa hutokea pale tunapoligeuza jambo hili, tukalifanya jino kuwa ndilo linaloamua lini mtoto aanze kula na lini aachishwe ziwa.

Tuanzie pale meno yanapoanzia. Chipukizi za meno ya utoto hujitokeza katika taya mimba ikiwa na takriban wiki sita, na madini huanza kujengeka ndani yake kuanzia mwezi wa nne wa ujauzito, meno ya mbele ya katikati yakitangulia. Mtoto anapozaliwa, meno yote 20 ya utoto yamekwisha kuanza kukakamaa ndani ya taya, ingawa fizi zinaonekana laini na tupu. Kichwa cha jino la mbele, yaani ile sehemu nyeupe tutakayokuja kuiona, huwa kimebakiza miezi miwili au mitatu tu kukamilika. Sehemu kubwa ya jino tunalolisubiri kwa hamu mtoto akiwa na miezi saba ilikwisha kujengwa kabla hajaonja tone la kwanza la maziwa ya aina yoyote, na hili peke yake lingetosha kupunguza lawama nyingi.

Hata kazi ya kuchomoza yenyewe haifanywi na maziwa, wala na msuguano wa chuchu kwenye fizi. Kila jino limezungukwa na kifuko chembamba cha tishu laini, na kifuko hicho ndicho kinachoita seli zinazomega mfupa ulio juu ya jino ili njia ipatikane, huku mzizi ukiendelea kurefuka kwa chini. Kwa kawaida jino hutokeza ufizini mzizi wake ukiwa umefikia kati ya nusu na theluthi mbili ya urefu wake. Kazi hii huendelea kwa miezi mingi bila dalili yoyote kwa nje, na ndiyo maana mama anaweza kupitisha kidole kwenye ufizi wa chini leo asihisi kitu, kisha baada ya siku chache akakuta ukingo mwembamba unaokwaruza ngozi ya kidole, au akasikia kijiko kikigonga kitu kigumu.

Kuhusu nyakati, jedwali linalotumiwa na madaktari wengi wa meno linasema kwamba meno mawili ya mbele ya chini hutoka kati ya mwezi wa 6 na wa 10, na mawili ya mbele ya juu kati ya mwezi wa 8 na wa 12. Yale ya pembeni yake hufuata hadi kufikia mwezi wa 16, magego ya kwanza hutoka kati ya mwezi wa 13 na wa 19, kisha chonge, na magego ya pili hufunga mlango kati ya mwezi wa 23 na wa 33. Mtoto anaweza kutangulia kwa miezi miwili au kuchelewa hadi siku anapotimiza mwaka mmoja, na bado akawa mzima kabisa. Wapo hata wanaozaliwa na jino, jambo linalokadiriwa kutokea kwa mtoto mmoja kati ya 2,000 hadi 3,000. Nao hawajalishwa chochote, si kwa ziwa wala kwa chupa.

Ni nini basi kinachotofautisha mtoto wa miezi mitano mwenye meno mawili na mtoto wa miezi kumi na moja asiye na hata moja? Kwa sehemu kubwa ni urithi. Uchunguzi wa mapacha umeonyesha tena na tena kwamba mapacha wa kufanana huota meno kwa nyakati zinazokaribiana kuliko mapacha wasiofanana, ingawa wote wawili wa kila jozi hulelewa katika nyumba moja na mara nyingi hulishwa kwa njia moja. Kwa hiyo, swali la kwanza la kumuuliza bibi au babu wa mtoto si kwamba mtoto anakula nini, bali ni kwamba mama na baba wa mtoto waliota meno lini. Jambo la pili ni umri halisi wa mimba wakati wa kujifungua. Mtoto njiti aliyezaliwa miezi miwili kabla ya wakati huonekana amechelewa tukihesabu kuanzia siku aliyozaliwa, lakini tukihesabu kuanzia siku aliyotarajiwa kuzaliwa, mara nyingi ucheleweshaji huo hutoweka wote au karibu wote. Nimekutana na akina mama wa watoto njiti waliobadilisha aina ya maziwa mara kadhaa kwa ajili ya jino, wakati kilichohitaji kubadilishwa ni hesabu ya miezi tu.

Shutuma kwamba maziwa ya mama yana upungufu wa madini ya kalsiamu ina chembe ya ukweli uliotumiwa vibaya. Ni kweli kwamba mililita 100 za maziwa ya mama zina takriban miligramu 30 za kalsiamu, ilhali kiasi hicho hicho cha maziwa ya ng'ombe kina takriban miligramu 120. Lakini maziwa ya ng'ombe yameumbwa kwa ajili ya ndama, ambaye mifupa yake hukua kwa kasi ambayo mtoto wa binadamu haihitaji, na kalsiamu iliyomo katika maziwa ya mama hufyonzwa na utumbo wa mtoto kwa urahisi zaidi. Mtoto aliyetimiza siku zake tumboni, mwenye afya, anayenyonya vya kutosha, hupata kalsiamu inayomtosha, na hakuna haja ya kumwongezea chochote kwa ajili ya meno. Kumpa maziwa ya ng'ombe ya kawaida badala ya ziwa au maziwa ya kopo kabla ya mwaka mmoja kunamweka katika hatari ya kupungukiwa madini ya chuma, na jino halitawahi kwa ajili hiyo.

Tafiti zilizolinganisha moja kwa moja watoto wanaonyonya na watoto wa chupa hazikubaliani. Zipo zilizoona wanaonyonya wakitangulia kidogo, zipo zilizoona wakichelewa kidogo, na zipo zisizoona tofauti yoyote. Msomaji anayekutana na utafiti mmoja tu kati ya hizo anaweza kuondoka na imani kali kwa upande wowote, kwa hiyo ningependa nieleze kwa kirefu kidogo kwa nini swali hili ni gumu kuliko linavyoonekana.

Kwanza, mara nyingi sababu na matokeo hubadilishana nafasi. Chukua mtoto aliyeota meno akiwa na miezi mitano, akamuuma mama yake ziwa mara mbili au tatu, naye mama kwa maumivu na hofu akaamua kumhamishia kwenye chupa. Mtafiti anayewakusanya watoto wenye mwaka mmoja na kuwauliza mama zao waliwanyonyesha kwa muda gani, atakuta kwamba walioacha kunyonya mapema ndio waliowahi kuota meno, na ataweza kusema kwamba kunyonya huchelewesha meno, wakati kilichotokea ni kwamba meno ndiyo yaliyokatisha unyonyeshaji. Ili kuliepuka kosa hili ni lazima watoto wafuatwe tangu kuzaliwa, njia ya kulishwa ikiandikwa kabla ya jino lolote kutokea na mdomo ukikaguliwa kwa ratiba, na si tafiti zote zilizofanywa kwa uangalifu huo.

Pili, watoto wa ziwa na watoto wa kopo hutofautiana kwa mengi zaidi ya maziwa. Watoto wa kopo kwa wastani huongezeka uzito haraka zaidi katika nusu ya pili ya mwaka wa kwanza, na uzito wa mtoto nao umehusishwa na kutangulia kidogo kwa meno. Familia pia hutofautiana katika kipato, katika afya ya mama wakati wa ujauzito, na katika uvutaji wa sigara nyumbani, na kila kimoja kati ya hivyo kinaweza kuingia katika hesabu bila kuonekana. Tatu, kuna kumbukumbu za wazazi. Tarehe ya jino la kwanza hukumbukwa vizuri likiwa la kwanza kwa mtoto wa kwanza, lakini mtoto wa tatu akifika miaka miwili, ni mzazi gani atakayetaja mwezi bila kubahatisha? Nikiyaweka yote haya pamoja, hukumu yangu ni kwamba kama ziwa au chupa ina athari yoyote kwa siku ya kuchomoza, athari hiyo ni ndogo kiasi cha kutostahili kuingia katika uamuzi wa mama kuhusu kumnyonyesha mwanawe.

Kuna upande mmoja wa uhusiano huu, hata hivyo, ambao ni wa kweli na wa kustaajabisha, nao ni kwamba jino huhifadhi kumbukumbu za ulishaji hata kama halitii amri zake. Enameli, yaani ganda gumu la nje la jino, hujengwa tabaka juu ya tabaka, na siku ya kuzaliwa huacha mstari unaoonekana kwa darubini katika meno ya utoto. Baada ya mstari huo, kiasi cha elementi ya bariamu huongezeka mtoto anapoanza kunyonya na hubadilika tena anapoanza kula vitu vingine au anapoachishwa. Mwaka 2013, watafiti walichapisha katika jarida la Nature uchunguzi wa meno ya watoto na ya nyani ambao historia zao za kunyonya zilijulikana, kisha wakalipima jino la mtoto wa Neanderthal, jamii ya binadamu wa kale iliyokwisha kutoweka, aliyepatikana katika pango la Scladina nchini Ubelgiji. Jino hilo lilionyesha kwamba alinyonya bila nyongeza kubwa kwa takriban miezi saba, akanyonya huku akila kwa takriban miezi saba mingine, na kisha kunyonya kukakoma ghafla. Nilipousoma uchunguzi huo niligundua kwamba nilikuwa nimeuliza swali dogo. Ziwa na chupa huingia ndani ya jino na kubaki humo, lakini tarehe ya kutokeza inaamuliwa kwingine.

Pale ambapo chakula hugusa kweli ratiba ya meno ni pale kinapopungua kwa muda mrefu. Watoto wenye utapiamlo wa kudumu, wale ambao urefu wao umebaki chini ya umri wao, huelekea kuchelewa kuota meno, kwa sababu taya na mizizi hukua pamoja na mwili mzima. Vitamini D nayo inahitaji kutajwa kwa jina. Upungufu wake mkali huleta ugonjwa wa matege, na kuchelewa kwa meno ni mojawapo ya dalili za ugonjwa huo, pamoja na kuvimba kwa viungio vya mikono na utosi unaochelewa kufunga. Maziwa ya mama, kwa ubora wake wote, yana vitamini D kidogo, hasa mama mwenyewe akiwa na upungufu au akiwa haoni jua, ilhali maziwa ya kopo huongezewa vitamini hiyo kiwandani. Ndiyo maana madaktari wa watoto wa Marekani hupendekeza matone ya maikrogramu 10 za vitamini D kila siku kwa watoto wanaonyonya, kuanzia siku za mwanzo. Mzazi anayenyonyesha na kusikia hili asilichukue kama sababu ya kuacha ziwa. Tatizo hutatuliwa kwa matone hayo, na aulize kituo cha afya kinachomhudumia iwapo mtoto wake anayahitaji.

Sasa nigeukie jambo linaloniuma zaidi, yaani jino kugeuzwa kalenda ya chakula. Wapo wanaomwanzishia mtoto wa miezi minne chakula kigumu kwa sababu ameota jino, wakidhani kwamba mwili umetoa ishara. Wapo pia wanaomwachia maziwa matupu mtoto wa miezi tisa kwa sababu bado ni kibogoyo. Wote wawili wamelitazama jino badala ya kumtazama mtoto. Shirika la Afya Duniani linapendekeza maziwa ya mama pekee hadi miezi sita, kisha vyakula vya nyongeza huku kunyonya kukiendelea hadi miaka miwili na zaidi, na pendekezo hilo halina sharti la meno. Dalili za utayari ziko kwingine: mtoto huweza kukaza shingo na kukaa akishikiliwa kidogo, hufuata chakula kwa macho na kukinyooshea mkono, na hasukumi tena nje kila kijiko kwa ulimi. Akifikia miezi sita, akiba ya madini ya chuma aliyozaliwa nayo imepungua, na kumchelewesha kwa kusubiri jino ni kumnyima kitu ambacho maziwa peke yake hayawezi kumpa kwa kiasi anachohitaji.

Mtoto asiye na meno hatafunaje? Hutafuna kwa fizi, na hutafuna vizuri. Mtazame mtoto wa miezi minane akipewa kipande laini cha mboga iliyochemshwa: hukisogeza kwa ulimi hadi pembeni, taya hupanda na kushuka, na fizi za nyuma hukiponda hadi kinamezeka. Tukumbuke kwamba hata mtoto aliyewahi sana, mwenye meno manne ya mbele, hana gego lolote umri huo, kwa kuwa gego la kwanza halitarajiwi kabla ya mwaka. Meno yake ya mbele hukata. Kuponda ni kazi ya fizi kwake kama ilivyo kwa mwenzake asiye na jino. Katika uchunguzi wa maelfu ya watoto waliofuatiliwa kusini magharibi mwa Uingereza, wale walioanzishiwa chakula chenye vipande baada ya miezi kumi walikuwa wagumu zaidi kulishwa walipofikia miezi kumi na mitano. Kuendelea kusaga kila kitu kuwa laini kwa kusubiri meno kunaweza basi kumpotezea mtoto kipindi anachojifunza kutafuna. Ninachosema ni vipande laini vinavyopondeka kati ya vidole viwili, mtoto akiwa ameketi na mtu mzima akiwa karibu. Karanga nzima na vipande vigumu vya mviringo ni hatari kwake awe na meno au asiwe nayo.

Kuachishwa ziwa kwa sababu ya meno ni sura nyingine ya kalenda hiyo hiyo. Mama wengi huamini kwamba jino likitoka, kunyonyesha kumekwisha. Lakini mtoto anayenyonya kwa kuvuta maziwa kweli hutanguliza ulimi juu ya ufizi na meno ya chini, na katika hali hiyo hawezi kuuma. Kuuma hutokea mwishoni, maziwa yanapopungua na mtoto kuanza kucheza, au mwanzoni, asiposhika ziwa vizuri. Mama akiona mdundo wa kumeza umekoma na ulimi umerudi nyuma, apitishe kidole kisafi kwenye pembe ya mdomo hadi kati ya fizi, amtoe kwa utulivu, na amwambie kwa sauti ya kawaida kwamba hapana. Kumvuta kwa nguvu huumiza zaidi, na kupiga kelele kunaweza kumtisha mtoto akagoma kunyonya kwa siku kadhaa. Wengi hujifunza haraka, na wanaendelea kunyonya wakiwa na meno kumi na zaidi.

Kuna pia kuharisha na homa, ambazo husingiziwa jino kila mahali. Meno huanza kutoka katika umri ule ule ambao mtoto anaanza kula, anatambaa, anatia kila kitu mdomoni, na kinga aliyopewa na mama kabla ya kuzaliwa inapungua. Kwa hiyo vijidudu vilivyoingia kwa kijiko, kwa chupa isiyochemshwa vizuri au kwa mikono hupata nafasi yao wakati huo huo ufizi unapovimba. Kuota meno huweza kuleta udenda, usumbufu, kutafuna vitu, na joto lililopanda kidogo tu. Hakuelezi homa ya nyuzi 38 na zaidi wala choo cha maji cha mara kwa mara. Mtoto wa namna hiyo anahitaji vimiminika na uchunguzi, na anayenyonya aendelee kunyonyeshwa mara nyingi zaidi.

Jino likishatokeza, chakula huanza kulihusu kwa namna mpya. Chupa yenye maziwa au kinywaji kitamu inayoachwa mdomoni usiku huoza meno ya mbele ya juu kwanza, kwa kuwa yale ya chini hulindwa na ulimi na mate. Dalili ya mwanzo ni mstari mweupe usiong'aa karibu na ufizi, ambao huonekana tu mzazi akiinua mdomo wa juu na kutazama kwenye mwanga. Kupiga mswaki mara mbili kwa siku kwa dawa yenye floraidi, kiasi cha punje moja ya mchele, huanza na jino la kwanza, awe mtoto wa ziwa au wa chupa.

Mtoto akitimiza mwaka mmoja bila jino lolote, ataonwa na daktari wa meno katika ziara ile ile ambayo kila mtoto anapaswa kuifanya umri huo. Akifikia miezi 18 bila jino, uchunguzi usiahirishwe tena. Usiahirishwe hata kidogo pale kuchelewa kunapoambatana na kudumaa, uchovu usio wa kawaida, choo kigumu cha muda mrefu au miguu inayopinda, kwa kuwa tezi ya thairoidi, ile ya shingoni, isiyofanya kazi vizuri na upungufu wa vitamini D hujitokeza pamoja na dalili kama hizo. Mzazi aende na kadi ya ukuaji wa mtoto, aseme mimba ilikuwa na wiki ngapi alipojifungua, ataje vyakula ambavyo mtoto anakula kweli kwa siku ya kawaida, na kama anaweza, aulize nyumbani kabla ya kwenda, yeye mwenyewe na mwenzake waliota jino la kwanza wakiwa na miezi mingapi.